Vumbi, bani au jiko? Kinachopausha anga la Tabora kiangazi

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Naishi Ng'ambo, Tabora Mjini. Kila mwaka kuanzia Juni hadi mvua zianze, anga letu hupauka, jua la jioni huzama jekundu, na nikianua shuka nazikuta na vipande vyeusi. Mwanangu wa miaka mitatu hukohoa zaidi miezi hiyo. Mume wangu anasema ni vumbi la barabarani tu. Jirani yetu, mzee aliyelima tumbaku Urambo miaka mingi, anashikilia kuwa ni moshi wa mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku. Simu yangu nayo inaandika PM2.5 na namba inayopanda na kushuka. Naomba unieleze hizo chembe zimeundwa na nini na zinatoka wapi. Mimi napikia mkaa, ukiisha natumia kuni. Na je, kujifunga kanga puani kunasaidia? — Mama Zuhura

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura, na pole kwa mtoto. Tuanze naye kabla ya kemia. Akiwa ametulia, hajatoka kulia wala kukimbia, mtazame kifua au tumbo umhesabie pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa umri huo, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya kumpeleka kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta hewa, usihesabu chochote, nenda. Mengine yote nitakayoandika hapa yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Sasa tuje kwenye ubishi wa nyumbani kwako. Mumeo ana kipande cha ukweli na mzee ana chake, lakini vyote viwili ni vidogo kuliko wanavyodhani. Kwa hukumu yangu, chembe ndogo za hewa ya Tabora wakati wa kiangazi ni moshi wa mimea kwanza: nyasi na miti inayoungua porini, pamoja na kuni na mkaa wa majikoni. Vumbi ni jingi, ila sehemu kubwa yake ni punje nene zisizoingia kwenye hesabu ya PM2.5. Bani nalo hufanya kazi miezi mingine ya mwaka, nitaeleza. Na kiasi anachovuta mtoto wako kinategemea mahali jiko lako lilipo kuliko rangi ya anga.

PM2.5 ni kipimo cha ukubwa tu. Humo huhesabiwa chembe zote zinazoelea hewani, ngumu au za majimaji, zenye kipenyo kisichozidi mikroni 2.5. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 50 hadi 70. Kwa hiyo masizi ya kibatari, tone la asidi, punje ya udongo na chumvi ya bahari huko Dar es Salaam, vyote vikiwa ndani ya ukubwa huo vinapimwa kwa mkupuo mmoja. Miji miwili inaweza kuonyesha namba ileile na watu wake wakawa wanavuta vitu tofauti kabisa. Ndiyo maana swali lako la "zimeundwa na nini" ni zuri kuliko la "ni ngapi", ambalo ndilo wengi huniuliza.

Vile vipande vyeusi vya kwenye shuka si PM2.5. Ni mabaki ya majani ya nyasi yaliyopandishwa na joto la moto, yakasukumwa na upepo, yakatua. Kwa kuwa ni vikubwa haviendi mbali sana, kwa hiyo siku ukiviona ujue kuna moto upande upepo unakotoka, na si mbali. Puani vinakwama. Chembe ndogo zina tabia nyingine kabisa. Ile ya mikroni 2.5, katika hewa iliyotulia, hushuka kama sentimita moja kwa dakika. Chembe nyingi za moshi wa nyasi na kuni ni ndogo kuliko hiyo mara kumi au zaidi, na hizo hazishuki hata mita moja kwa siku nzima. Hukaa angani siku kadhaa, pengine wiki, mpaka mvua izioshe au zigote kwenye kitu. Upepo ukizichukua husafiri mamia ya kilomita. Kwa hiyo shuka safi haina maana kwamba hewa ni safi, na ndani ya mapafu ni hizi zisizotua ndizo zinazofika kwenye vifuko vya mwisho kabisa, pale damu inapochukua oksijeni.

Jua jekundu uliloliona ni kielelezo kizuri zaidi ya shuka. Chembe za moshi zina ukubwa unaokaribiana na wa mawimbi ya mwanga au kuwa chini yake, kwa hiyo hutawanya sehemu ya buluu kuliko nyekundu, na kinachobaki kukufikia kutoka kwenye jua linalozama ni wekundu. Punje nene za vumbi hutawanya rangi zote karibu sawasawa, anga likawa jeupe la kufifia. Huo si ushahidi wa mahakamani, maana jua hugeuka jekundu hata bila moshi linapokaribia upeo. Lakini likianza wekundu likiwa bado juu ya miembe, moshi upo.

Tuchukue sasa huo moshi tuufungue. Kilo moja ya nyasi kavu ikiungua hutoa gramu 5 hadi 7 hivi za chembe ndogo. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni kampaundi za kaboni zenye asili ya mmea wenyewe: sukari zilizovunjika, asidi, fenoli, lami. Mmea umejengwa kwa selulosi na lignini. Moto unapoupasha, sehemu kubwa ya vitu hivyo haiungui papo hapo, bali huvunjika na kupanda kama mvuke, na mvuke ukikutana na hewa ya baridi hugandamana kuwa chembe. Ule unjano na ukahawia wa moshi, na ile harufu inayonasa kwenye nguo, ni hivyo. Masizi meusi, yaani kaboni tupu, ni sehemu ndogo ya uzito, mara nyingi chini ya moja ya kumi. Zinazobaki ni chumvi: potasiamu, kloraidi, salfeti, nitrati, amoniamu. Potasiamu iko ndani ya mmea tangu ulipokuwa hai, ndiyo hiyohiyo bibi zetu waliyoichuja kwenye majivu kupata magadi ya kupikia mboga.

Uwiano huo hubadilika kwa namna moto unavyowaka. Moto wa ndimi kali, nyasi zikiwa zimekauka hasa, huunguza vitu vingi kabisa na moshi wake ni mchache kwa kilo, ila una masizi zaidi. Moto wa kufukuta, kwenye nyasi zenye ubichi, kinyesi cha ng'ombe, gogo au tanuri la mkaa, hutoa moshi mwingi mweupe au wa kahawia, wenye lami nyingi na masizi machache. Hapa ipo kero isiyosemwa sana. Uchomaji wa mapema, ule wa Mei na Juni unaofanywa makusudi ili kuzuia moto mkali wa Septemba, ni jambo jema kwa miombo kwa sababu miti haiumii sana. Lakini nyasi bado zina maji, na kila kilo hutoa moshi mwingi kuliko ambavyo ingetoa ikisubiri. Faida ya msitu na faida ya kifua hazikai upande mmoja wakati wote.

Tuje kwa mzee wa Urambo. Naomba umkumbushe kalenda, maana anaijua kuliko mimi. Tumbaku yenu ni ya mvuke, yaani ya kukaushwa kwa joto ndani ya bani. Hupandwa mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba, majani ya chini yanaanza kuvunwa yapata Januari au Februari, na mabani yanawaka hadi Aprili hivi. Juni majani yameshafungwa mitumba, watu wako kwenye masoko ya vyama vya msingi wanasubiri malipo. Bani linalowaka Machi haliwezi kupausha anga la Agosti, maana chembe hazikai angani miezi. Tena wakati mabani yanawaka mvua bado zinanyesha, na mvua ndiyo inayoosha hewa kuliko chochote.

Jambo la pili ambalo wengi hawalitazami: kinachotoka kwenye bomba la bani ni moshi wa kuni. Majani hayaungui. Yananing'inia ndani yakipata joto linalopandishwa taratibu hadi kufikia nyuzi 70 hivi, kwa siku tano hadi saba, na moshi wa tanuru hupita kwenye mabomba bila kuyagusa. Kwa hiyo anayeishi jirani na bani hapati nikotini kwa njia ya moshi huo, anapata moshi wa miombo kama wa mafiga matatu, ila wa usiku na mchana kwa wiki kadhaa. (Nikotini humpata mchumaji kwa njia ya ngozi, anaposhika majani mabichi yenye umande: kichefuchefu, kizunguzungu, kutapika. Hiyo ni mada ya siku nyingine.) Kwa mtu wa Urambo au Kaliua mwenye nyumba iliyopakana na bani, mzee yuko sahihi kabisa, Februari na Machi. Kwako wewe Ng'ambo, Agosti, tumbaku inaingia kwa mlango wa nyuma tu, pale pori linapofyekwa na kuchomwa kuandaa shamba jipya.

Basi moto wa kiangazi unatoka wapi? Watu wa Tabora hamhitaji kuambiwa. Mfugaji anachoma ili nyasi changa zichipue, mkulima anasafisha shamba, mwindaji anataka kuona mbali, mrina asali ameacha mwenge unafuka chini ya mti, mchoma mkaa tanuri lake limepasuka. Zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika, na upande wetu wa kusini mwa ikweta msimu wake ni Mei hadi Oktoba. Kiangazi upepo wenu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo moshi unaowafikia mjini huletwa zaidi kutoka pande za Sikonge na kule mbele Rungwa. Moto wa Ugalla, ingawa uko mkoani kwenu, moshi wake mara nyingi huelekea Kigoma na kuvuka ziwa. Ukitaka kuona kwa macho yako, NASA wanaonyesha bure kwenye mtandao ramani iitwayo FIRMS, ambako kila moto uliogunduliwa na setilaiti huwekwa kwa nukta nyekundu ndani ya saa chache. Ifungue Agosti, kisha Februari, halafu mwonyeshe mzee.

Moshi ukisafiri haubaki ulivyotoka. Ule mbichi una potasiamu iliyoshikana na kloraidi. Ukikaa juani saa kadhaa, asidi zilizoko hewani huiondoa kloraidi, na potasiamu ikawa salfeti na nitrati. Mwaka 2000 watafiti wa nchi mbalimbali walirusha ndege juu ya moshi wa kusini mwa Afrika katika mradi wa SAFARI 2000 na kuyaona mabadiliko hayo wazi, moshi mbichi ukilinganishwa na uliozeeka. Kwa mkemia hiyo ni zawadi: karatasi ya kuchujia hewa ikionyesha potasiamu na kloraidi, moto uko jirani; ikionyesha potasiamu na salfeti, moshi umetoka mbali.

Kuna pia chembe ambazo hazikutoka motoni zikiwa chembe. Zilitoka kama gesi, zikageuka angani. Dioksidi ya salfa hugeuka asidi ya salfuriki, ikakutana na amonia ya mbolea na vinyesi vya mifugo, ikawa salfeti ya amoniamu. Miti hai nayo hutoa gesi, isoprini ikiwa mojawapo, ambazo jua huzipika kuwa chembe. Katika miji ya makaa ya mawe salfeti ndiyo ilikuwa mfalme, kama London ya Desemba 1952, ambako ukungu wa siku tano uliua watu wanaohesabiwa kwa maelfu. Tabora haina viwanda vya namna hiyo. Mtu anaweza kutaja volkano za Kongo, Nyamulagira na Nyiragongo, na kweli zimekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya salfa duniani, lakini kwa upepo wa kiangazi uvundo wake unasukumwa magharibi, mbali nanyi. Nitrati ya amoniamu, inayosumbua Ulaya wakati wa baridi, kwenye joto lenu la mchana hurudi kuwa gesi. Kwa hiyo tusiibebeshe lawama.

Na vumbi la mumeo? Udongo ukiwa chembe unatambulika kwa silikoni, alumini, chuma, kalsiamu na titani kidogo. Gari likipita barabara ya vumbi, wingu linalonyanyuka ni kubwa la kuogofya, lakini kwa uzito karibu lote ni punje zinazozidi mikroni 2.5, nyingi hata 10. Zinakera macho, zinaziba pua, zinamfanya mtoto akohoe kweli, kwa hiyo mumeo hajasema uongo. Lakini zinatua. Mtihani rahisi wa nyumbani: futa jani la mwembe wa uani kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Uchafu wa kahawia, wenye kukwaruza vidoleni, unaotoka kwa maji matupu, ni udongo. Weusi wenye mafuta, unaosambaa badala ya kutoka, ni moshi. Nadhani utapata vyote viwili, maana moshi hupenda kukaa juu ya vumbi.

Vyanzo vya mjini vipo na ni vidogo kwa uzito, ila havifanani kwa ubaya. Dizeli ya malori na ya garimoshi hutoa masizi meusi kwa sehemu kubwa, kinyume na kuni, na tangu 2012 moshi wake uko kwenye orodha ya visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Mwaka uliofuata chembe za hewa chafu kwa ujumla ziliwekwa humohumo. Bodaboda iliyochoka hutoa mafuta ya injini yaliyoungua nusu. Kibatari kinanishangaza kila ninapokisoma: asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayowaka kwenye utambi wa wazi hugeuka chembe, na chembe hizo karibu zote ni masizi matupu. Kwa nyumba isiyo na umeme, kataa kibatari kabla hujagombana na barabara.

Kinachonikasirisha zaidi ni taka. Kila jioni kiangazi, mtaani, mtu anafagia uwanja na kuchoma majani pamoja na chupa, nailoni, nepi na waya. Plastiki yenye klorini hutoa kloraidi na sumu za dioksini, vyuma vya rangi na betri hupanda na moshi. Risasi, ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri, tulishaachana nayo kwenye petroli: Afrika kusini mwa Sahara iliacha kuitumia mwaka 2006 na Algeria ikamaliza dunia nzima mwaka 2021. Kuirudisha hewani kwa kuchoma betri shimoni ni uzembe usio na utetezi. Uzito wa moshi huo ni mdogo kwenye mizani, lakini unatoka mita 10 kutoka dirishani mwako, usawa wa pua ya mtoto, saa ambayo hewa haitembei.

Hilo la saa ni muhimu. Usiku wa Juni na Julai Tabora hupoa, mbingu ikiwa wazi ardhi inapoteza joto haraka, na hewa baridi inalala chini ya hewa yenye joto kidogo. Moshi unaotolewa wakati huo haupandi. Unaenea chini chini kati ya nyumba mpaka jua lichome asubuhi. Kwa hiyo ukiona namba ya simu inapanda kuanzia saa moja jioni na tena alfajiri hadi saa mbili asubuhi, hiyo ni saini ya majiko na taka za mtaa. Ikipanda mchana na kubaki juu siku mbili tatu mfululizo, bila kujali saa, huo ni moto wa pori.

Lakini hiyo namba iangalie kwa tahadhari. Simu nyingi hazisomi kifaa kilichoko Tabora, zinachukua makadirio ya kompyuta yanayotokana na setilaiti na utabiri wa upepo. Yanafaa kuonyesha mwelekeo wa siku, si moshi wa uani kwako. Pia mara nyingi namba hiyo si mikrogramu (sehemu za milioni za gramu), ni alama ya ubora wa hewa. Kwenye mizani ya Marekani, ambayo programu nyingi huitumia, alama 100 ni sawa na mikrogramu 35 hivi za PM2.5 kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha mapendekezo yake hadi 15 kwa wastani wa siku na 5 kwa wastani wa mwaka. Kwa hiyo alama 100, inayoonekana kama ya katikati, ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha siku.

Maabara hufanyaje kutenganisha yote haya? Hewa huvutwa kupitia karatasi maalumu kwa siku nzima, karatasi ikapimwa uzito kabla na baada, kisha ikachunguzwa. Wanatafuta levoglukosani, sukari inayotokea selulosi inapovunjwa na joto la nyuzi zaidi ya 300. Ikiwepo, mmea umeungua, karibu hakuna chanzo kingine cha kuibishia. Wanatafuta alumini na silikoni za udongo. Wanapima kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua taratibu kiumbe akishakufa, ambayo iko kwenye kuni kwa sababu mti ulikuwa hai juzi, na haimo kabisa kwenye dizeli kwa sababu mafuta ya ardhini yamekaa mamilioni ya miaka. Kisha sampuli nyingi huingizwa kwenye hesabu, mojawapo iliyoenea ni ile iliyotolewa na Pentti Paatero na mwenzake wa Finland mwaka 1994, ikabainisha vitu gani hupanda na kushuka pamoja. Mpishi mzoefu akionja pilau hutaja viungo hata kama havioni. Hesabu hii hufanya vivyo hivyo, isipokuwa mpishi huwa na uhakika zaidi. Moshi wa jiko la kuni na moshi wa moto wa pori hutoa alama karibu zilezile, na kuvitenganisha kwa kemia pekee ni kazi ngumu. Hapo ndipo saa, msimu na upepo vinasaidia kuliko maabara.

Utaniuliza kipi kati ya hivyo kina sumu zaidi. Wengi wetu tunaona moshi wa kuungua, wenye masizi na vitu vya kusababisha saratani kama benzopairini, ni mbaya kuliko punje ya udongo ya uzito uleule, na mimi ni mmoja wao. Hata hivyo viwango bado vinawekwa kwa uzito wote kwa pamoja, kwa sababu kila chembe ndogo iliyochunguzwa kwa wingi imeonekana kudhuru. Usitafute iliyo salama.

Sasa jiko. Kwa Shirika la Afya Duniani, moshi wa kupikia majumbani ulihusishwa na vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto wengi waliougua nimonia. Mafiga ndani ya chumba kisicho na dirisha hufikisha hewa mikrogramu mamia, hata maelfu, wakati anga lililopauka linaongelewa kwa makumi. Ndiyo maana nasema mgomvi wako wa kwanza si bani wala barabara. Mkaa una nafuu ya chembe ukishashika, lakini dakika za kuuwasha, hasa ukiuwasha kwa nailoni, ndizo chafu kuliko zote. Washia nje, mbali na mtoto, mpaka moshi uishe. Ukiukoleza vizuri bado unatoa kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, kwa hiyo jiko lisilale chumbani hata usiku wa baridi ya Julai. Kuni ziwe kavu hasa; kuni mbichi ni moto wa kufukuta ule niliousema. Ukipika nje, geuza mahali pa mtoto kuchezea, usimfunge mgongoni ukiinamia chungu.

Serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia. Huna haja ya kusubiri ukufikie wote. Hata kama gesi utaitumia chai ya asubuhi na uji wa mtoto tu, umeondoa moshi saa ile hewa imelala. Maharage, yanayokula mkaa kuliko vyakula vingi, yanafaa jiko la umeme la presha kama umeme upo, na ukipiga hesabu ya gunia la mkaa kwa bei ya sasa huenda ukakuta hupotezi.

Kanga puani husaidia kwa vumbi la gari. Kwa moshi haisaidii kitu cha maana, kwa sababu chembe hupita kati ya nyuzi na pembeni mwa pua. Barakoa inayozuia ni ile iliyoandikwa N95 au yenye kiwango kama hicho, na iwe imebana uso bila nafasi. Hiyo ivae wewe ukilazimika kupita karibu na moto. Mtoto wa miaka mitatu haimkai na itampa shida ya kupumua, kwa hiyo yeye mwondoe kwenye moshi, au siku ambayo pori linaungua jirani mweke chumba kilicho mbali na jiko, madirisha yakiwa yamefungwa, na usipikie ndani siku hiyo.